Gesi Zinazokaa na Gesi Zinazopita

Nje kidogo ya Goma, kuelekea Sake, kuna mabonde madogo katikati ya mawe meusi ya volkano ambayo wenyeji hukatazana kuyakanyaga alfajiri. Huitwa mazuku. Mbuzi akishuka humo kufuata majani mabichi huanguka na kufa, na anayeinama kumtoa naye huanguka. Hapana moshi wala mngurumo. Kinachoua ni kabonidayoksaidi inayovuja kupitia nyufa za ardhi ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Gesi hiyo huizidi hewa ya kawaida kwa uzito mara moja na nusu, hivyo usiku usio na upepo hutuama bondeni hadi ikapita asilimia 10 ya hewa ya pale, kiwango kinachotosha kumzimisha mtu mzima kwa dakika chache. Watoto ndio walio hatarini zaidi, maana pua zao ziko karibu na ardhi. Jua likipanda na upepo ukaanza kuvuma, gesi hutawanyika.

Ndiyo hiyo hiyo inayotoka puani mwa kila mtu na kububujika kwenye chupa ya soda. Katika hewa ya dunia kwa jumla haifiki hata nusu ya sehemu moja kwa elfu.

Kila aliyepita darasani anaikumbuka ile orodha: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni inayokaribia 1, kabonidayoksaidi 0.04, halafu “gesi nyinginezo”. Orodha ni sahihi, ingawa hupimwa kwa hewa kavu, na hewa kavu ni nadra kuipata popote penye watu. Tatizo lake ni jingine. Humfanya msomaji aamini kwamba gesi iliyo nyingi ndiyo yenye kazi kubwa, na iliyo kidogo ni ya kujazia ukurasa. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake.

Muuza duka anaijua siri hii bila kusoma kemia: bidhaa iliyojaa rafu mara nyingi ni ile isiyotoka, na inayotafutwa sana huisha kabla vumbi halijaigusa. Hewa nayo isomwe hivyo. Kiasi cha kila gesi ni matokeo ya mambo mawili, kasi ya kuingia na kasi ya kutoka.

Kabla ya kuzichukua moja moja, kuna dhana ya kuondoa njiani. Ikiwa kabonidayoksaidi ni nzito, mbona haijalala chini pote duniani, kama inavyolala kwenye mazuku? Kwa sababu hewa haitulii. Pepo, mawimbi ya joto na mtikisiko wa molekuli zenyewe huikoroga mfululizo, hata gesi kuu zikawa kwa uwiano ule ule kuanzia ufukwe wa Bagamoyo hadi karibu kilomita 100 juu. Wapagazi wa Kilimanjaro huwaambia wageni kwamba kileleni “oksijeni imepungua”, na wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mgeni anatweta na kichwa kinamgonga. Lakini pale Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa. Kilichopungua ni hewa yote: mgandamizo wake umebaki karibu nusu ya ule wa Tanga, na kila pumzi huingiza mapafuni karibu nusu ya molekuli za kila gesi.

Tuanze na mvivu mkubwa. Molekuli ya naitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha ni kazi kubwa. Naitrojeni huingia mapafuni na kutoka ilivyoingia. Haiungui, haiozeshi, haichochei. Kwa kuwa karibu hakuna kitu kinachoitumia kirahisi, imelimbikizana tangu ujana wa dunia.

Mkulima wa mahindi wa Njombe ana habari nyingine juu yake. Juu ya kila eka ya shamba lake, kutoka ardhini hadi mwisho wa anga, kuna zaidi ya tani 20,000 za naitrojeni. Mahindi yake hayawezi kugusa hata gramu moja ya hiyo. Yanageuka manjano kwa njaa ya kitu ambacho majani yanaogelea ndani yake. Kwa hiyo mkulima huenda mjini kununua mfuko wa urea wa kilo 50, ambamo naitrojeni iliyokwisha kuvunjwa na kufungwa upya ni kilo 23. Radi huvunja kiasi fulani. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na kunde huvunja zaidi, na ndiyo maana wazee walichanganya mahindi na kunde shambani kabla ya bwana shamba kuwaambia. Kilichobaki ni kiwanda. Mwaka 1909 Fritz Haber, mkemia wa Ujerumani, alionyesha kwamba naitrojeni ya hewa inaweza kuunganishwa na haidrojeni kupata amonia, kwa joto kali, mgandamizo mkubwa na kichocheo cha madini. Carl Bosch akaikuza njia hiyo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Sehemu kubwa ya chakula cha dunia leo hutegemea njia hiyo, na urea huwa ghali gesi asilia inapopanda bei, kwa kuwa haidrojeni hiyo hutolewa humo.

Uvivu wa naitrojeni una soko lake pia. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri huwa kimiminika, na kwa kuwa haiungani na kitu kirahisi, ndiyo inayohifadhi mbegu za madume katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Mtaalamu hufika kwa mfugaji na pikipiki, mtungi umefungwa nyuma. Akifungua kifuniko, moshi mweupe hufurika na kumwagikia miguuni. Hutoa mrija mwembamba kwa koleo na kuuzamisha kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda usiofika dakika moja, kisha humwendea ng’ombe haraka. Moshi ule, kwa taarifa, si naitrojeni. Naitrojeni haionekani, ule ni unyevu wa hewa ya zizini ulioganda kwa kupigwa na baridi ghafla.

Oksijeni ni kinyume chake kabisa. Hushika karibu kila inachokigusa: chuma hupata kutu, mafuta huchacha, kuni huwaka, chakula huungua ndani ya mwili kikatupa nguvu. Gesi yenye tabia hiyo haikupaswa kuwepo hewani kwa wingi. Na kwa karibu nusu ya umri wa dunia haikuwepo. Ilianza kujikusanya yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, kazi ya vijidudu vya majini vilivyojifunza kupasua maji kwa nguvu ya jua na kuitupa oksijeni kama taka. Mwanzoni ilimezwa na chuma kilichoyeyuka baharini, na ni baada ya walaji hao kushiba ndipo ikaanza kubaki.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa na wanasiasa, mabango na hata walimu: kwamba misitu, ule wa Kongo kwa mfano, ni “mapafu ya dunia” yanayotupa oksijeni ya kupumua. Msitu hutoa oksijeni nyingi mchana, ni kweli. Lakini miti yenyewe, kuvu, mchwa na bakteria wanaoozesha majani huitumia karibu yote. Hesabu ya msitu uliokomaa hukaribia sifuri. Oksijeni tunayoivuta ni akiba iliyowekwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kila mara mabaki kidogo ya mimea na viumbe vya baharini yalipofukiwa kabla ya kuoza. Makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, ni upande wa pili wa daftari hilo: mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, huku oksijeni iliyoitoa ikibaki angani. Makaa yakichomwa leo, deni linalipwa, na oksijeni inapungua. Ralph Keeling wa California amekuwa akiupima upungufu huo kwa zaidi ya miaka 30, nao ni molekuli zipatazo 4 kwa kila milioni kwa mwaka. Anayeogopa kukosa pumzi ajue kwamba molekuli za oksijeni ni 209,500 katika kila milioni. Msitu una sababu nzito za kulindwa. Hii siyo mojawapo.

Hospitalini oksijeni huchujwa kutoka hewa ile ile ya wodini. Mashine huvuta hewa na kuipitisha kwa mgandamizo kwenye chembe za madini yaitwayo zeolaiti, ambazo huikamata naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Hata mashine nzuri huishia kwenye asilimia 95 au chini ya hapo, na fundi wala halaumiwi. Chembe zinazoikamata naitrojeni haziikamati agoni.

Agoni ina kisa chake, na ni kisa cha uvumilivu. Mwaka 1785, huko London, Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme kwenye hewa siku baada ya siku ili naitrojeni yote iungane na oksijeni. Alipomaliza, kikabaki kiputo kidogo kisichozidi sehemu moja ya 120 ambacho hakikukubali chochote. Akaandika alichoona. Kiputo kikasahauliwa kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1890 Lord Rayleigh, mtu wa vipimo, aligundua kwamba lita moja ya naitrojeni iliyotolewa hewani ina uzito wa gramu 1.257, na ile iliyotengenezwa kwa kemikali gramu 1.251. Tofauti ya nusu asilimia. Wengi wangesema mizani imechoka. Rayleigh alirudia tena na tena, kisha mwaka 1892 akaliandikia jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie kulielewa jambo hilo. William Ramsay akaipitisha naitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu ya moto mpaka ikaisha, akabaki na gesi isiyoungana na kitu. Ilitangazwa mwaka 1894. Miaka kumi baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, Rayleigh kwa fizikia na Ramsay kwa kemia.

Kwa hiyo gesi iliyo nyingi hewani mara 20 na zaidi kuliko kabonidayoksaidi ilikuwa imewapita wanasayansi wote kwa sababu moja tu: haifanyi kitu. Lakini ilitoka wapi? Karibu yote ilizaliwa mwambani. Katika miamba kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana yake ni potasiamu 40, ambayo huvunjika yenyewe kwa mwendo usiobadilika. Nusu yake huisha kila miaka bilioni 1.25. Baadhi ya atomu hizo huwa agoni, ambayo hutoroka taratibu kupitia volkano na miamba inayomomonyoka, na ikishafika hewani haina pa kwenda. Ni mfano safi wa gesi inayoingia na isiyotoka.

Tabia hiyo ilikuja kuitikisa historia ya binadamu, tena Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alilikuta fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika bonde la Olduvai. Umri wake ulikadiriwa tu; mumewe, Louis Leakey, alitaja takriban miaka 600,000. Fuvu lilikuwa kwenye tabaka lililoshikamana na majivu ya volkano, na majivu hayo yalikuwa saa. Jiwe likiwa la moto na limeyeyuka, agoni yote hutoka. Likipoa, ile inayozaliwa humo hunaswa. Ukipima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unapata tarehe jiwe lilipopoa. Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo kikuu cha Berkeley walipima, na mwaka 1961 jibu likatoka: miaka milioni 1.75. Historia ya ukoo wa binadamu ikarefuka karibu mara tatu kwa mkupuo mmoja, kwa ushahidi wa gesi mvivu kuliko zote.

Mafundi wanaounga alumini mjini wanaitumia agoni kwa sababu hiyo hiyo: huizuia oksijeni isifike penye moto. Wenyewe huiita gesi ya kuchomelea, basi.

Heliamu nayo huzaliwa miambani, kwa kuvunjika kwa urani na thoriamu, ila ni nyepesi mno na huponyoka kwenda zake angani, nje ya mikono ya dunia. Ndiyo maana hewani zipo molekuli 5 tu kwa milioni. Kuikusanya kutoka hewani ni hasara, hivyo hutafutwa ardhini ilikonaswa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa hazina kubwa katika bonde la Rukwa, ambako gesi inayobubujika kwenye baadhi ya chemchemi ina heliamu ya asilimia kadhaa, iliyobaki ikiwa zaidi naitrojeni. Mashine za hospitali za kupiga picha kwa sumaku hupozwa kwa heliamu, na dunia haina wauzaji wengi.

Sasa kabonidayoksaidi na zile “nyinginezo”. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani aliweka mitungi ya kioo juani na kuona kwamba ule wenye kabonidayoksaidi hupata joto zaidi na hukawia kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, London, alionyesha kwa vipimo kwamba naitrojeni na oksijeni huiacha mionzi ya joto ipite bila kizuizi, ilhali mvuke wa maji na kabonidayoksaidi huinasa. Molekuli ya atomu mbili zinazofanana haiwezi kuudaka mwonzi huo; yenye atomu tatu au zaidi hutikisika nao. Basi asilimia 99 ya hewa kavu haina habari na joto linaloondoka duniani. Kazi yote hufanywa na hizi chache. Bila hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake.

Mvuke wa maji ndio unaoongoza, na ndio usiotulia kuliko zote. Dar es Salaam mwezi Machi unaweza kufikia asilimia 3 ya hewa. Jangwani hukaribia kutoweka. Molekuli ya maji hukaa hewani siku chache tu kabla ya kurudi kama mvua au umande. Kwa hiyo mvuke haujiamulii: hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi huweza kubeba mvuke wa ziada wa asilimia 7 hivi, nao huongeza joto juu ya joto.

Anayeamua ni kabonidayoksaidi, kwa sababu hukaa. Vipuli vya hewa vilivyonaswa kwenye barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 ilipanda na kushuka kati ya molekuli 180 na 300 kwa milioni, na ilikuwa karibu 280 kabla ya viwanda. Mwaka 1958 Charles David Keeling, baba yake Ralph, alianza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, akapata kama 315. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Kenya ina kituo chake cha aina hiyo, mita 3,678 kwenye Mlima Kenya, kilichoanza mwaka 1999 katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ni kati ya vituo vichache sana vya namna yake karibu na ikweta, na ukubwa wa bara hili ukilinganishwa na uchache huo, inasikitisha.

Methani ni molekuli zisizofika 2 kwa milioni, lakini zimezidi maradufu tangu enzi za kabla ya viwanda. Hutoka kwenye vinamasi, majaruba ya mpunga, matumbo ya ng’ombe, majalala na mabomba yanayovuja. Huchapa kazi kuliko kabonidayoksaidi, molekuli kwa molekuli, ila haidumu zaidi ya muongo hivi. Chini ya Ziwa Kivu zimelala kilomita za ujazo 60 za methani pamoja na 300 hivi za kabonidayoksaidi, zimeyeyuka kwenye maji mazito ya kina kirefu. Rwanda huivuta methani hiyo huko Karongi na kuichoma kupata umeme wa megawati 26. Kinachohofiwa ni maji hayo kupinduka na kuziachia gesi hizo kwa mkupuo. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno mbele ya Kivu, lilipinduka tarehe 21 Agosti 1986 na watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja.

Ozoni ikikusanywa yote na kuletwa usawa wa bahari ingekuwa tabaka la unene wa milimita 3. Inatosha kuizuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayochoma ngozi, na ni gesi pekee ambayo mataifa yamekubaliana kuinusuru na yakaelekea kufaulu, kwa Mkataba wa Montreal wa 1987.

Hesabu ngumu zaidi ni ya kabonidayoksaidi inayotoka kwenye injini na viwanda. Karibu nusu yake hubaki hewani. Nusu nyingine humezwa na bahari na mimea. Hapo ndipo msitu wa Kongo unapopata hoja yake halisi. Mwaka 2017 watafiti Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo wa Brazzaville na wenzao walichapisha ramani ya vinamasi vya peati katikati ya bonde la Kongo: zaidi ya kilomita za mraba 145,000 za mabaki ya mimea yaliyokosa kuoza kwa kuwa maji yameizuia oksijeni isiwafikie bakteria. Kaboni iliyomo ni karibu tani bilioni 30, sawa na inayotolewa na mafuta, gesi na makaa ya dunia nzima kwa miaka mitatu hivi. Ni kazi ile ile iliyozaa makaa ya Ngaka, isipokuwa hii haijakwisha. Maji yakishuka, kwa ukame au kwa mifereji, oksijeni huingia na mabaki huanza kuoza. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, baadhi vya mafuta vikiwa juu ya vinamasi hivyo. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Mafuta, kama yapo, bado yako chini ya peati.